Somo la Alhamisi

Ratiba ya ukutani haina jina langu.
Imeandikwa tu: Alhamisi, kipindi cha saba, Stadi.
Mwalimu Msanjila hunipungia mkono dirishani,
nami najifuta masizi kwa pindo la kanga,
naingia darasa la nne na sufuria kichwani
na mwiko kwapani, kama askari aliyechelewa gwaride.

Kwanza ilikuwa bustani.
Udongo wa Idifu haubembelezwi:
Januari unang'ang'ania miguu,
Agosti umepasuka kama visigino vyangu.
Tulichimba mashimo hadi magotini mwa Ndahani
(ndiye mfupi kuliko wote, ndiye kipimo chetu),
tukatia samadi ya zizi la kina Chilewa,
tukapanda kunde, maboga, mlenda.
Maji ni yale ya kunawa:
kila mtoto ananawia juu ya mche wake,
na mche wa Mbeleje umenenepa,
maana mikono yake haiishi uchafu.

Kisha ikafika siku ya kupika.
"Mlenda ni chakula cha ukame," akasema Lechipya,
aliyehamia mwezi wa tisa kutoka mjini,
kwenye chipsi za jioni na mayai.
Darasa likacheka. Mwalimu akashika chaki
kama anayetaka kuirusha.
Nikamwambia aache.
Nikasema: kweli, mwanangu, hujakosea.
Mwaka ule baba aliswaga mbuzi wanne mnadani
akarudi na debe moja la mahindi,
na debe lina tako, na tako tulilifikia upesi.
Kilichobaki ni kibuyu cha majani makavu,
majani ambayo mama aliyaanika juu ya tembe
mvua ilipokuwa nyingi
na majirani walipokuwa wakimcheka.

Basi sikilizeni kazi.
Siku hizi nyumba ni za bati: msianike juu ya bati,
bati huunguza, jani linakuwa jeusi, halina kitu.
Anikeni kivulini, kwenye ungo,
hadi likivunjwa liseme krak.
Twangeni. Chekecheni.
Maji yachemke, magadi kidogo,
kidogo nimesema, Ndahani,
unyunyize unga huku unapekecha,
na usifunike! Mlenda ukifunikwa hukasirika,
unatoka nje kuwatafuta majirani.
Karanga zilizopondwa mwisho,
zikipatikana. Wiki hii zimepatikana.

Ugali wa uwele waliusonga kwa zamu,
wavulana kwa wasichana, mwiko hauulizi.
Ulitoka na madonge, rangi ya njiwa,
upande mmoja umeungua.
Tuliula hivyo hivyo, tumekaa chini,
tonge linazama, linapanda na uzi mrefu
toka bakuli hadi kidevuni,
na anayekata uzi kwa kidole ndiye mjuzi.
Lechipya hakujua kuukata.
Uzi ulimfuata hadi kwenye kola ya shati.
Hakuna aliyecheka. Aliinua bakuli, akanywa.

Jioni nikisugua masufuria
akaja na chupa tupu ya soda.
Mama yake, alisema, tangu warudi hali kitu.
Labda hiki.
Nikakwangua chini ya sufuria, ikajaa nusu.
Hakuwa na kizibo, akaziba kwa kidole gumba,
akaondoka polepole, akipita pembeni mwa njia
mahali pasipo na mawe.

Mvua bado. Mawingu yanapita juu ya Chamwino
yakielekea kwa watu wengine, hata salamu hayatoi.
Lakini ukutani mwa jiko langu, kwa mkaa,
mtu ameandika kwa herufi kubwa zilizopinda:
ALHAMISI MRENDA.
Herufi moja imekosewa.
Juzi nilipiga chokaa kuta tatu.
Ule wa nne nimeuacha.